Risasi za Chumvi

Mshale ulipiga filimbi dukani, ukagonga gunia la pumba ukutani, ukaanguka chini kama mlevi.

"Huu unampelekea nguruwe salamu kwanza," muuzaji alisema akiuokota. "Akishaitikia, anaondoka zake."

Mama Pacha hakucheka. Alisimama mbele ya kaunta ya kioo, mkoba kaukumbatia, akiulizia kila kilichokuwa kwenye rafu ya vioja. Muuzaji alimjua tangu mumewe yu hai. Marehemu alikuwa mteja wa duka hilo la zana za kuwindia, na bunduki yake sasa alikuwa nayo mkubwa wa wanawe pacha.

"Na huu wenye taa mkiani?"

"Huo ukikosa, unaona vizuri ulivyokosa. Mama, haya ni madoido tu. Tajiri wangu anayaleta kwa kupenda picha za masanduku. Wanao hawajambo?"

"Wapo. Hawasemeshani, lakini wapo." Akashusha macho. "Mkubwa kanituma risasi. Za nguruwe, anasema."

Muuzaji akaigeukia rafu ya risasi za kweli. Mama Pacha akanyoosha kidole kwingine, kwenye sanduku lenye picha ya simba anayetema moto.

"Zile je?"

"Hizo ni chumvi na unga wa fataki. Kishindo, cheche, basi. Za kushangazia wageni."

"Haziui?"

"Mungu ni shahidi wangu, hata njiwa haziui."

"Lakini zinafanana na za kweli?"

"Ganda lile lile jekundu, kitako kile kile cha shaba. Kama wanao."

Mama Pacha akashusha pumzi. "Nifungie hizo."

"Mama, hukunisikia? Nguruwe watakumalizia mahindi, na kukucheka wakucheke."

"Nimekusikia, baba. Hizo hizo." Akafungua mkoba, akatoa pesa.

Sikio la kufa halisikii dawa, muuzaji aliwaza, akaingia stoo na lile sanduku la simba. Shamba la mjane huyu alikwishaliona. Msimu uliopita nguruwe walilichimbua kama waliolipwa kibarua, na kilichobaki hakikujaza hata kikapu. Tena asubuhi hiyohiyo, yeye muuzaji, alikuwa amepiga magoti akimwomba Mungu amwepushe na kula jasho la mnyonge. Sasa amuuzie mjane chumvi?

Tajiri hakuwa na mchezo. Mwenzake alifukuzwa kwa kubadilisha kisu tu bila kuuliza. Muuzaji akachungulia mlangoni, akamwaga zile za chumvi kwenye ndoo na kulijaza sanduku risasi za kweli za akiba iliyokuwa humo stoo. Akalifunga kwa uzi, fundo juu ya fundo. Wema wa siri, malipo yake kwa Mungu.

Mama Pacha alilipokea kwa mikono miwili.

"Mungu akuzidishie, baba. Hujui umeniokolea nini."

Najua, muuzaji alijibu moyoni, na siku nzima alitembea mwepesi kama aliyetuliwa mzigo.

Kesho yake hakuna aliyegundua kitu. Tajiri alipita, akahesabu mishale yake ya filimbi, akaenda zake. Muuzaji alikuwa anafuta kioo cha kaunta alipomwona Mama Pacha anaingia, peku, mkoba hana. Akaliacha tambara.

"Enhe, mama! Lete habari. Kaanguka?"

Mama Pacha aliweka ganda moja jekundu juu ya kioo. Lilikuwa tupu, linanuka baruti.

"Kaanguka," alisema. "Mkubwa alipomwelekezea mwenzake bunduki, mdogo alinigeukia mimi. Nikamwambia, usikimbie mwanangu, hizo haziui."