Kimya cha Baada ya Jogoo

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha kopo la maziwa kililia getini. Kikafuata kimya kidogo, kama kawaida, ndipo hodi.

"Karibu, baba," alisema mwalimu mstaafu, akijifunika shali. "Sijafunga."

Muuza maziwa alifuta viatu mara mbili asichafue sakafu. Tangu mwalimu afiwe na mume, hakuna mwingine aliyebisha hodi pale.

Leo mwalimu alikuwa amejikaza kumwambia mzee huyo aache kuleta maziwa. Daktari alishamkataza maziwa. Yote huishia kwa paka wa jirani. Kumhangaisha mzee wa watu bure ni vibaya. Lakini asipoleta maziwa, atakuja kufanya nini?

"Ng'ombe hajambo?"

"Hajambo, mwalimu. Kiburi tu, kama bibi harusi."

Alimimina maziwa sufuriani. Mwalimu akaipokea sufuria kwa viganja viwili. Maziwa yalikuwa baridi, si kama yaliyotoka kukamuliwa.

"Na neno langu la leo?" aliuliza yule mzee, akivua kofia na kuvuta kiti. Kila asubuhi mwalimu alimpa neno moja la Kilatini, na mzee aliyapenda maneno hayo kama mtoto apendavyo ngano.

"Conticinium. Ni neno adimu, hata vitabuni hulikuti ovyo. Watu wa kale waliita hivyo saa kama hii: jogoo wameshawika, wamenyamaza, na watu bado wamelala."

"Na aliye macho saa hiyo anaitwaje?"

Mwalimu alifikiri. "Huyo hawakumpa jina."

"Wangempa tu," alisema muuza maziwa. "Mbona tupo."

Wakacheka kidogo. Mwalimu akafungua kinywa aseme lile la maziwa. Akaifunika sufuria badala yake. Mzee akashukuru kwa neno, akabeba kopo lake, akatoka.

Kofia ilibaki kitini. Mwalimu akaichukua, akamfuata.

Kule getini, akiwa amempa mgongo, muuza maziwa alikuwa ameinama nyuma ya nguzo, akiokota pakiti tupu za maziwa ya dukani. Alizikunja moja moja, akazisokomeza mfukoni mwa koti.

Mwalimu alirudi nyuma taratibu mpaka mlangoni. Akangoja pakiti ya mwisho iingie mfukoni, ndipo akakohoa.

"Umesahau kofia, baba," alisema. "Na kesho uje tena. Lile neno hatujalimaliza."