Mjusi Kafiri wa Gairo

Stambuli alishuka basi Gairo akiwa amefura. Posa mbili za maana, ya pili ikitoka kwa Hafidhi mwenye duka la vitambaa Morogoro mjini, zilikuwa zimekataliwa na bintiye Raya kwa sababu ya mjusi.

Angekuwa hata mjusi wa ajabu. Mjusi kafiri, yuleyule wa kichwa chekundu na mwili wa bluu. Raya alikuwa akimsomea shahada, kutwa yuko kwenye miamba mikavu nje ya mji, na ngozi yake nzuri inaungua.

Kilichomchosha zaidi Stambuli ni simu. Mkewe, Mwaisha, alikuwa akiuliza, "Kafiri wako hajambo?" kisha mama na mwana wanacheka. Leo kafiri kabadilika rangi. Leo kafiri kagoma kula. Mwisho Stambuli alimnyang'anya mkewe simu.

"Nakuja Jumapili kumwona huyo kafiri."

"Njoo Jumatatu, baba. Jumapili asubuhi huwa haonekani."

"Mjusi na Jumapili wapi na wapi?"

Raya alikohoa. "Ndivyo alivyo, baba."

Basi akaja Jumatatu. Raya alimwamkia, akamkalisha kwenye jiwe lenye kivuli. Jua lilipokolea, dume moja lilichomoza kwenye ufa, likapanda juu ya mwamba, likaanza kutikisa kichwa.

"Anawaonya wenzake," Raya alieleza. "Mwamba huu wake, na majike yote yake. Usiku rangi inafifia, jua likimpata inarudi. Maji hayaulizi, wadudu wanamtosha."

Stambuli alimtazama yule mnyama kwa uchungu. Hiki ndicho kilichomkosesha mkwe.

"Nimechoka, mwanangu. Hafidhi sijamwambia umekataa, bado anangoja jibu, na wajomba zako wameshakubali. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini nakuuliza mara ya mwisho. Huyo kafiri wako unamwacha, humwachi?"

"Simwachi, baba."

"Ndiye huyu?"

"Huyo siye."

"Basi mlete. Nimwone huyo anayekunyima mume."

Raya aliinamisha uso, akavuta mtandio wake vizuri, kisha akaita kwa sauti ndogo kuelekea nyuma ya mwamba.

Kijana mmoja mrefu alijitokeza, akipangusa vumbi kwenye suruali.

"Shikamoo, baba," alisema. "Naitwa Deogratias."