Vichwa Viwili, Magari Mawili

Huko Mubambiro, Kavuo, mkuu wa mradi, alimzuia fundi wake wa kompyuta kupanda gari alimokaa mkewe. Mtu na mkewe ndio peke yao walioijua programu ya kutafutia watoto waliopotea vitani.

"Mama chef," fundi akamtania bosi wake, "unatuachanisha bila padri?"

"Kazi iko mu vichwa viwili, Papa. Visipande gari moja."

Fundi akacheka. Akamvunjia mkewe nusu ya hindi la kuchoma, akaenda kwenye gari la nyuma.

Kavuo na mke wa fundi, katika gari la mbele, walikwisha kuipita Sake waliposikia risasi nyuma yao.

Kule Shasha likafika gari moja tu, lao. Mke alisimama akiitazama barabara mpaka vumbi likatulia, nusu ile mkononi, haijang'atwa.

Kavuo akaifungua kompyuta, akaiweka mbele ya mke huyo.