Mama si Sentinele

Honi ililia mara ya tatu, na mama mkwe akainuka na unga wa muhogo mikononi.

Mume wake Huguette alikuwa huko nje, ameketi ndani ya gari jipya, akingoja mama yake mzazi, mwenye goti bovu, amfungulie lango lisilokuwa hata na kufuli.

Huyu huyu! Alipokuwa akichimba dhahabu kule Nizi, hakugusa pombe mpaka mchanga uoshwe. Akirudi Bunia, alivua viatu vya matope nje ili mama asihangaike kufagia. Leo ana shimo lake la dhahabu na wafanyakazi wa kumwita patroni, basi mchana kweupe ananuka bia, na mkono umeshindwa kusukuma lango!

"Mama! Patroni iko anangojea!" mfanyakazi mmoja akaita kutoka garini.

"Mama, ikala chini," Huguette akamziba njia, kisha akapaza sauti: "Weye, shuka ufungue! Mama si sentinele yako wa kulinda lango!"

Nje, mtu akacheka. Honi ikalia tena, ndefu.

Huguette akachukua kufuli la mlango wa jikoni, akatoka akalifunga nalo lango kwa ndani, akarudi akamkabidhi mama mkwe ufunguo.

Mama akautazama. Akauchomeka ndani ya beseni la unga, akaketi.