Aliyegeuka Mlangoni

Mkataba ulikuwa mezani, kalamu juu yake. Mwaka mzima mashabiki walikuwa wamepiga kelele kwamba sehemu ya nne ya gemu isitoke bila mama aliyeibuni, na sasa mkurugenzi alikuwa amemwita arudi kuiongoza.

"Kabla sijatia saini," mama alisema, "nionyesheni mlipofika."

Mbunifu mpya, dada mwembamba aliyeshika nafasi yake, alimpa padi ya kuchezea.

Kwenye skrini akatokea shujaa wa gemu, binti mwenye begi begani, akichechemea mguu wa kushoto. Mwendo ule mama aliuchukua kwa marehemu mdogo wake, aliyetoka nyumbani asubuhi moja wakiwa wamenuniana, asirudi tena. Katika sehemu zote tatu, binti alitoka mlangoni bila kutazama nyuma. Mama hakuwahi kuthubutu kumchora vingine.

Alibonyeza. Binti akafika mlangoni, akasimama, akageuka. Akatabasamu, akapunga mkono.

Padi ilimlegea mama mkononi.

"Samahani, mama," mbunifu alisema haraka. "Niliona hawezi kuondoka hivi hivi. Ukisema niitoe, naitoa."

"Usiiguse."

Mkurugenzi akausogeza mkataba. "Basi tutie saini?"

Mama alimrudisha binti ndani, akampeleka tena mlangoni, akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Endelea nayo wewe, mwanangu," alimwambia mbunifu bila kubandua macho. "Mimi niacheni hapa kidogo."