Ghala la Panya

Mwenye njaa hana miiko. Mama alichimba ukingo wa shamba la tajiri akifuata shimo la panya: kwanza chumba cha kulala, kisha ghala. Jana shimo jingine la jirani lilimpa mahindi ya kutosha uji wa watoto. Yeye na mama mkwe wake wakalalia maji.

Asubuhi hii alimkuta panya jike amewakumbatia wanawe, wote wamekakamaa. Ghala limejaa pomoni.

Alilowesha punje kwa mate, akaisugua. Kidole kikabaki na wekundu wa dawa ya mbegu, ile sumu ya kuulia wadudu.

Jana, alipoyaosha yale mahindi, maji yaligeuka mekundu. Alidhani ni udongo.

“Mkwe wangu!” bibi aliita kutoka mlangoni mwa nyumba yao, ng'ambo ya shamba, akicheka. “Wajukuu zangu leo wamelala usingizi wa pono!”