Kanga ya Kushikia Kiti

Mwajabu aliingia na bintiye kwenye ukumbi mkubwa wa chuo kikuu, akaduwaa. Viti vilipanda hadi karibu na dari, na watu karibu hawakuwepo ila vitu vyao tu: chupa ya maji, kandambili, jiwe.

"Wameshikia nafasi, mama," alisema Zakhia, akiegemea gongo lake. "Hapa ni kuwahi."

"Na wewe na mguu huo utawahi lini? Turudi. Kile chuo kidogo cha nyumbani kila mtu anakujua."

Msichana aliyekuwa akipanga mawe mstari wa mbele aligeuka. "Shikamoo, mama. Mwaka wa kwanza huyu? Mimi huwahi. Nitamwekea hapa mlangoni kila siku. Nipeni tu kitu, mawe yameniishia."

Mwajabu hakumjua hata jina.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Mungu akuzidishie."

Akavua kanga aliyojitanda, akaikunja, akaiweka kitini.

Alitoka nje mabega wazi, jua likimwakia. Dirishani akageuka mara moja. Yule msichana alikuwa ameikunjua kanga, akiinyoosha taratibu, mpaka ikafunika viti viwili.